Mwaka Ambao Sikufunga Kwaresima

Watu wanaonivizia nje ya kanisa baada ya ibada ya Jumapili, kuniuliza nawezaje kuishi na sukari, huwa wanategemea niwape maneno ya moto. Wananijua. Mimi ni katekista wa kigango kimoja chini ya parokia ya Mapera, na maneno ya moto ndiyo kazi yangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikisimama kwenye semina ya wanandoa watu wanalia, wanashikana mikono, wanaahidiana makubwa. Jumatano yake nakutana nao njiani wamenuniana kama kawaida. Kwa hiyo hamasa naifahamu vizuri, inavyokuja na inavyoondoka. Sikuwahi kufikiri kwamba itaniondokea na mimi.

Naandika haya kwa ajili ya yule aliyeambiwa juzi kwamba ana sukari, na leo amejaa nguvu ya kubadilisha maisha yake yote. Nguvu hiyo ni nzuri, ila asiitegemee.

Yangu yalianza na kiu, msimu wa kupanda mahindi. Nilikunywa maji kisimani, nikafika nyumbani nikanywa tena, nikalala nikaamka kunywa. Nikiongoza rozari ya jumuiya nilikuwa nakimbiza sala za mwisho ili niwahi chooni, mpaka mama mmoja akauliza kama Bikira Maria naye siku hizi ana haraka. Suruali zikaanza kunivuka. Matundu ya mkanda yakaisha, na watu wakaanza kunisalimia kwa ile sauti ya chini, sauti ya kumsalimia mtu ambaye wameshamwekea dhana. Sikuwalaumu. Na mimi nilikuwa na dhana hiyo hiyo, na niliogopa kwenda kuithibitisha.

Aliyenitoa nyumbani ni mke wangu, Gaudensia. Si mtu wa maneno mengi. Asubuhi hiyo alivaa kitenge chake cha kanisani, akasimama mlangoni, akasema, "Baba Osmunda, gari la mjini linapita sasa hivi." Osmunda ni binti yetu wa kwanza, anafundisha Songea. Tukapanda gari. Hospitalini tulikaa kwenye benchi la mbao lililolainishwa na makalio ya wagonjwa wa miaka mingi, tukisogea kidogo kidogo kila jina linapoitwa, mpaka nikafika mbele, nikatobolewa kidole, nikaambiwa ni sukari. Nasema kweli, nilishukuru. Haikuwa ile niliyoiogopa. Nilirudi nyumbani mchangamfu kuliko nilivyoondoka.

Nilipewa vidonge na maagizo. Nipunguze ugali, niache soda na sukari, nile mboga na maharage, nitembee, nivae viatu, nitazame nyayo zangu kila siku. Hilo la nyayo lilinichekesha. Sisi watu wa milimani tunatazama nyayo za nguruwe aliyetoroka, si za kwetu.

Haikupita muda Kwaresima ikaingia, na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Lilikuwa kosa la katekista. Sijui kama mtu wa kazi nyingine angelifanya. Niliyachukua maagizo ya daktari yote nikayaingiza ndani ya mfungo.

Miezi hiyo ndiyo ya ngolo kwetu. Mwanaume anafyeka majani na kuyalaza kwa miraba mlimani, mwanamke anayafukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kushika maji ya mvua yasiondoke na shamba. Nilifyeka nikiwa na njaa, na njaa ile nikaiona ni sala. Chai isiyo na sukari niliitoa kwa ajili ya marehemu. Tonge la ugali nililoliacha nililitoa kwa ajili ya wakosefu. Nilizunguka jumuiya zote kwa miguu, kilima kwa kilima, nikiimba. Jumapili niliwafundisha watu jinsi mwili unavyopaswa kutiishwa, na nilifundisha vizuri, kwa sababu wangu nilikuwa nausikia ukitii. Katika Wiki Takatifu nilienda kliniki, na muuguzi alipoona kipimo aliniinua mbele ya benchi zima. "Mwoneni katekista! Mtu akitaka anaweza!" Nilirudi stendi nikitembea kifua mbele.

Halafu Kristo akafufuka.

Asubuhi ya Pasaka nilikunywa kikombe cha togwa. Kimoja tu, cha sherehe, alichonikaribisha mwenyekiti wa jumuiya. Mchana kulikuwa na wali na nyama ya nguruwe. Jumatatu tukaitwa nyumba nyingine, na wiki ile yote kikanisa ni sikukuu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha watu hivyo. Sikuamua kuacha. Hakuna siku niliyoamka nikasema basi, leo natupa dawa na mboga. Nilikuwa tu nimemaliza. Kila Kwaresima niliyowahi kuifunga ilikuwa na mwisho, na mwishoni kuna nyama na vigelegele, na sikujua kama kuna mfungo wa namna nyingine. Vidonge vilipoisha sikufuata vingine kwa kuwa nilijisikia mzima. Gaudensia aliendelea kunipakulia sahani yangu ya peke yangu, nami nikaendelea kuila, kisha nikaongeza kutoka kwenye sufuria ya wote. Akisema neno, namwita polisi wa sufuria. Wageni wanacheka, yeye anarudi jikoni.

Mwezi wa sita kwetu ni wa baridi inayouma. Ukungu hauachi mlima mpaka watu wameshaanza kuchuma kahawa, na jua likianza tu kuzama kila mtu yuko jikoni. Miguu yangu ilikuwa na ganzi, kama nimevaa soksi na kumbe sijavaa. Nikasema ni baridi. Jioni moja nilikaa kwenye kigoda, miguu nimeisogeza karibu na mafiga, nikisimulia habari za bei ya kahawa kana kwamba kuna aliyeniuliza. Gaudensia akaingia na ndoo ya maji, akasimama.

"Nini kinaungua?"

"Labda maharage," nikamwambia, nikaendelea na habari yangu.

Akatua ndoo. Akanusa hewa, akainama, halafu akapiga ukelele: "Baba Osmunda, mguu!"

Ndala yangu ya kulia ilikuwa imeyeyuka. Plastiki ilikuwa imeshikana na ngozi, malengelenge yamejaa upande mzima, na kidole kidogo kilikuwa na rangi ambayo kidole hakitakiwi kuwa nayo. Nilikitazama kama natazama mguu wa jirani. Sikusikia maumivu yoyote. Hilo lilinitisha kuliko kidonda chenyewe, kwamba moto uliniunguza mimi na aliyesikia ni mke wangu.

Daktari hakunizungusha. Alisema kidonda cha mtu mwenye sukari kama yangu kinaweza kupanda, na kikipanda watakifuata kwa msumeno. Nilimwuliza watakifuata mpaka wapi. Akagusa kwa kidole chini kidogo ya goti. Atakayesoma haya akiwa anaishi tambarare huenda asione uzito wake. Kwetu hakuna tambarare. Shamba liko ukutani, kanisa liko juu, kisima kiko bondeni, na jumuiya zangu kila moja iko nyuma ya kilima chake. Mtu wa mguu mmoja kule anakuwa mtu wa nyumbani. Niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Basi nikawa mtu wa benchi. Siku moja nasafishwa kidonda, siku inayofuata napumzika, kisha narudi tena. Kule kwenye benchi la chumba cha vidonda ndiko nilikokutana na Mzee Sefu, mwenye duka la vitambaa pale mjini, ambaye wazazi wake walitoka pwani na ambaye bado anaongea kama vile bahari iko nyuma ya soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe wa kidole ama wa mguu?"

"Bado hawajasema."

"Basi bado u tajiri," akasema, akanisogezea nusu ya kimto alichokuwa amekalia. Alikishona mwenyewe kwa vipande vya vitenge vilivyobaki dukani. "Mimi ni wa vidole. Wamekwisha kuchukua viwili."

Aliponiuliza ilikuwaje, nikamweleza habari ya Kwaresima na togwa ya Pasaka. Nilitegemea ashangae. Akacheka mpaka muuguzi akachungulia.

"Katekista, wewe ndugu yangu kabisa! Mimi nilikuwa nikifunga hata zile zisizo za lazima. Daktari akanikataza, nikafunga kwa siri. Wakanikuta nimeanguka dukani juu ya majora. Siku hizi Ramadhani nalisha maskini, na mchana natia tonge nyuma ya pazia kama mwizi." Akajifuta macho. "Mimi mtu wa kuvumilia bwana. Niambie tu mwezi utaandama lini, nitavumilia lolote. Tabu ya huu ugonjwa, mwezi wake hauandami."

Nilicheka naye. Kisha kicheko kikaniishia. Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi nikipanga, tena kwa hamasa kubwa, mfungo mpya mkali kuliko ule wa kwanza, mpaka kidonda kifunge. Mpaka. Neno hilo ndilo lililokuwa limeniunguza.

Kidole kidogo walikikata. Mguu ukabaki, kwa masharti. Nilipotolewa wodini nilikuwa mnyonge wa kubebewa kila kitu, na kahawa ilikuwa imeiva shambani bila mtu wa kuisimamia. Gaudensia alichuma, akapika, akachemsha maji ya kunikanda, na katika yote hayo hakuniambia neno lisilo la lazima. Mchana mmoja akinibadilishia shuka nikamwambia, kwa sauti yangu ya ibada, kwamba safari hii namwahidi Mungu kwa moyo wangu wote. Akasimama na shuka mkononi.

"Baba Osmunda, ulifunga kwa ajili ya Mungu, ukafungua kwa ajili ya watu. Ile sahani yangu ya kila siku, mimi nilikuwa napika kwa ajili ya nani?"

Akatandika shuka, akatoka. Jioni akaniambia amezungumza na dada yangu Tekla kwa simu. "Nenda ukakae kwake. Kule kuna joto na zahanati iko karibu. Mimi nina kahawa." Hakutaja siku ya kurudi. Njia nzima ya kushuka ziwani, gari likikata kona, nilikuwa najiuliza kama nimepelekwa kupona au nimerudishwa kwetu.

Dada Tekla aliolewa na Mnyasa wa Mbaha, kijiji cha ziwani, zamani sana, mume akafariki, yeye akabaki na biashara yake ya usipa, wale dagaa wa ziwa. Ni dada mkubwa, aliyenibeba mgongoni, na cheo changu cha ukatekista hakikuwahi kumsumbua. Asubuhi ya kwanza aliweka kigoda mbele yangu, akaketi, akatandaza kanga mapajani.

"Lete mguu."

Aliugeuza, akapitisha kioo kidogo chini ya unyayo, akatazama katikati ya vidole, akaupima joto kwa kiganja. Kisha wa pili. Kisha akanipa vidonge na uji wa ulezi usio na sukari. Kisha akaenda kuanika usipa. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya shukrani, ikabaki mdomoni.

Ikawa hivyo kila siku. Miguu, vidonge, uji, usipa. Mchana ugali wa muhogo, bonge moja si mawili, na samaki wa kuchemsha na matembele. Wakati wa kwenda zahanati, twende. Wakati wa kutembea polepole mpaka kwenye chanja za usipa na kurudi, nimevaa viatu hata pale ambapo mchanga unavutia, twende. Hakuna aliyenisifu. Wiki zilipita nikijitahidi, na kila jioni nasubiri angalau aseme hongera. Mwisho nikashindwa.

"Dada, huoni hata kidogo jinsi ninavyojikaza?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nikupongeze kwa kula? Wewe mtoto wa kunyonya?"

Asubuhi nyingine niliamka na moyo mzito. Nilimwota Gaudensia akinipita njiani bila kunisalimia. Tekla akaketi, akatandaza kanga.

"Leo sijisikii, dada."

"Sijakuuliza unajisikiaje. Nimesema lete mguu."

Nikauleta. Na hapo nikaona jambo dogo ambalo katika miaka yangu yote ya kuwahimiza watu sikuwa nimelitilia maanani. Mguu ulitazamwa vizuri vile vile. Uji ulikuwa ule ule. Moyo wangu haukuwepo, na kazi ikafanyika bila moyo, na kidonda hakikujua tofauti.

Ila sitaki mtu anione nilikuwa malaika kule Mbaha. Kulikuwa na sherehe ya kipaimara kwa majirani, mwezi wa tisa hivi, joto limeanza kupanda na maembe bado machanga. Tekla alikuwa ameenda kuuza usipa Lituhi. Nikala wali, nikaongezwa, nikaongezwa tena. Nikanywa soda, nikasahau ladha yake ilivyo tamu, nikanywa nyingine nikumbuke. Niliporudi nyumbani nilikuwa na kiu ile ile ya zamani na aibu kubwa. Nikafanya ninachokijua. Nikajipangia kitubio, kwamba kesho sitakula kitu mpaka jioni, na keshokutwa uji tu.

Asubuhi nikamwambia Tekla yote kabla hajauliza, nikamaliza na hukumu yangu. Alisikiliza huku ametandaza kanga.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Lete mguu."

Akautazama kama jana. Akaleta vidonge. Akaleta uji, bakuli lile lile, kipimo kile kile. Nikamwambia, dada, nimesema leo sili. Ndipo akakasirika, kwa mara pekee katika miezi yote ile.

"Unywe dawa na tumbo tupu uanguke, nikubebe mimi? Kitubio ni cha kanisani, Ansgar. Hapa ni uji. Jana ulikula vibaya, leo kula vizuri, na maneno mengi uache, usipa wangu bado haujaanikwa."

Nilikunywa ule uji huku machozi yananitoka, na sikuwa na hakika nalia nini. Nadhani nililia kwa sababu siku ile ilikuwa ya kawaida. Nilikuwa mtu wa siku kubwa maisha yangu yote: siku ya kuanguka, siku ya kuinuka, siku ya ahadi. Dada yangu alikuwa ananipa siku isiyo na jina. Mgonjwa mwenzangu, kama kuna kimoja tu utakachokibeba kutoka humu, kibebe hiki. Asubuhi baada ya kuteleza usijiadhibu na usijiahidi kitu. Kunywa dawa yako, kula chakula chako kwa kipimo chake, tazama nyayo zako.

Kidonda kilifunga mvua za kwanza zilipoanza kuonekana ng'ambo ya ziwa. Muuguzi wa zahanati aliutazama mguu, akasema nisirudi kwake tena ila kwa vidonge. Nilimpigia Gaudensia simu. Nilikuwa na maneno mengi, nikayameza, nikamwuliza tu kama nije.

"Gari ukijua utakalopanda, niambie," akasema. "Nitakuja stendi."

Alikuja. Nilimletea samaki mbasa mkavu na usipa, akanipokea mzigo, akanitazama miguuni kwanza kabla ya usoni. Asubuhi iliyofuata niliketi kwenye kigoda nikatoa kioo cha Tekla, nikajitazama mwenyewe, kwa kujipinda na kuguna, kwa sababu unyayo wa mtu uko mbali kuliko anavyofikiri. Sikumwambia kitu. Alikuwa akifagia, akapita. Kesho yake vile vile, akapita. Nilikula sahani yangu na sufuria nikaiacha. Polisi wa sufuria sikumtaja tena, na siku moja mgeni alipomtaja kwa mazoea, nikamwambia huyo amestaafu. Mahindi yalipandwa, yakaota, yakapaliliwa. Ndipo asubuhi moja ya mvua Gaudensia akaacha ufagio ukutani, akavuta kigoda kingine, akanichukulia kioo mkononi.

"Unajiangalia upande mmoja tu," akasema. "Huku nyuma huoni."

Kwaresima ikarudi, kama inavyorudi. Paroko alikuwa ameshanieleza kwamba mgonjwa hafungwi na sheria ya mfungo, na nilikuwa nalijua hilo; nilikuwa nikiwafundisha wengine. Kulitenda ndiyo kazi. Jumatano ya Majivu nilikunywa uji wangu kabla ya kwenda kuwapaka watu majivu, na nilijisikia kama nimevua kanzu mbele yao. Watu waliniuliza mwaka huu ninatoa nini. Nilijibu sitoi kitu. Wakadhani nina siri kubwa na Mungu. Miezi ya ngolo nilifyeka na kulaza majani, nimevaa mabuti niliyokung'uta kwanza, nikipumzika kila mtu akipumzika, nikila maharage yangu mchana ule ule ambao wengine walikuwa wakimeza mate. Hakuna aliyenitazama kwa heshima. Hamasa haikuja hata siku moja kunitembelea. Kliniki nilimkuta Mzee Sefu na kimto chake, akaniuliza, "Mwezi umeandama?" Nikamwambia bado. "Wangu pia," akasema, akanisogezea nusu ya kimto.

Mkesha wa Pasaka ulituchelewesha kulala, na asubuhi ilikuwa ya kukimbizana: ibada, ubatizo, wanakwaya waliokuja kwetu moja kwa moja na ngoma zao. Nyumba ilijaa. Kulikuwa na wali, nyama, na mtungi wa togwa ule ule wa mwenyekiti wa jumuiya, aliyenijazia kikombe mpaka pomoni akakinyanyua mbele ya watu.

"Katekista, Kristo amefufuka! Mfungo umekwisha!"

"Amefufuka kweli kweli," nikaitikia. "Ila mimi mwaka huu sikufunga."

Wakacheka, wakijua natania. Gaudensia hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sahani yangu mkononi, bonge moja la ugali, maharage, mboga, kipande cha nyama, na ilifanana na ya Alhamisi, na ya wiki kabla yake, isipokuwa ile nyama. Akaiweka mbele yangu. Nikala, sikuongeza, na kikombe kile akakinywa mpiga ngoma.

Watu walipokuwa wakishushia chakula kwa nyimbo, akaja akaketi kwenye kigoda mbele yangu, akatandaza kanga mapajani. Nilikumbuka wakati ule ule naye alipokumbuka; kwa haraka za asubuhi hatukuwa tumetazama nyayo. Kwaya nzima ilikuwa mbele yetu, na mwenyekiti, na wazazi wa watoto waliobatizwa saa chache zilizopita.

"Baba Osmunda," akasema taratibu, "mguu."

Nikavua kiatu, nikavua soksi, nikauweka mapajani mwake.